Amri ya Nne: Kazi ya Wazazi Mbele ya Simu ya Mtoto

Wakatekumeni wapenzi, mmekwisha kufundishwa ya kuwa Amri ya Nne humwagiza mtoto kuwaheshimu na kuwatii baba na mama. Lakini amri hiyo ina pande mbili, kama daraja la Hombo liunganishavyo ng'ambo mbili za mto, huku Kivu ya Kaskazini na huku Kivu ya Kusini. Mtoto amewekewa wajibu wa kutii. Mzazi naye amewekewa wajibu wa kulea, kufundisha, kuonya na kulinda. Upande mmoja wa daraja ukibomoka, hakuna awezaye kuvuka.

Somo hili lahusu upande wa mzazi, na hasa jambo moja linalosumbua nyumba nyingi siku hizi: watoto wanaopoteza saa nyingi katika simu, wakicheza michezo na kuandikiana na watu. Yafaa wakatekumeni walifahamu vema. Siku mzazi atakapomleta mtoto wake abatizwe, Padri atamwuliza mbele ya watu wote kama akubali kumlea katika imani, naye atajibu ndiyo. Jibu hilo haliishi mlangoni mwa kanisa. Hurudi naye nyumbani, na siku hizi humfuata mpaka ndani ya simu.

1. Simu si kitu kiovu kwa asili yake

Kwanza wazazi wasidhani ya kuwa simu ni kazi ya Shetani. Kitabu cha Mwanzo chafundisha ya kuwa Mungu alivitazama vyote alivyoviumba, akaona ni vyema. Na simu imetengenezwa kwa vitu vya uumbaji huo. Tena vingine vyatoka katika nchi hii yenyewe. Huko Bisie, katika Walikale, huchimbwa kasiteriti, ambayo ikiyeyushwa hutoa bati. Huko Rubaya, katika Masisi, huchimbwa koltani, ambayo hutolewa ndani yake madini yaitwayo tantali. Bati hushikamanisha vipande vidogo vilivyomo ndani ya simu. Tantali hutumika katika vyombo vidogo sana vinavyoweka nguvu ya umeme. Basi kitu anachokishika mtoto mkononi, sehemu yake yaweza kuwa imetoka katika udongo wa Kivu, uliochimbwa kwa jasho la watu wa Kivu.

Tena simu hufanya mema yasiyo haba. Jamaa nyingi za Masisi na Walikale zimetawanywa na vita. Ndugu mmoja yuko Goma, mwingine Bukavu, mwingine kambini. Na mara nyingi simu peke yake ndiyo iliyowajulisha ya kuwa mama yu hai. Mwuza mafuta ya mawese huulizia bei kabla ya kupakia mzigo wake. Mwanafunzi hupata ndani yake kamusi asiyoweza kuinunua.

Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa Pili, tarehe 4 Desemba 1963, ulitoa hati juu ya vyombo vya kupashana habari. Wakati ule vyombo hivyo vilikuwa magazeti, sinema, redio na televisheni. Hati ile haikuvilaani, bali ilivisifu kama matunda ya akili ambayo Mungu amewapa wanadamu. Lakini iliweka mizigo miwili. Vijana waliagizwa wajizoeze kiasi na kujitawala. Wazazi walikumbushwa ya kuwa ni wajibu wao mzito kuangalia sana, ili mambo yenye kudhuru mwenendo mwema yasiingie nyumbani mwao, wala watoto wao wasiyakute mahali pengine. Vyombo vimebadilika tangu siku hizo. Mizigo hiyo miwili haikubadilika.

Kwa hiyo mzazi asijiulize tu, «Je, simu ni nzuri au mbaya?» Ajiulize hasa, «Nani anayemtawala mwenzake, mtoto au simu? Na mimi mzazi nipo wapi?»

2. Sababu ya mtoto kushikwa na simu

Mzazi akitaka kumsaidia mtoto, sharti afahamu kwanza ni nini kinachomshika.

Michezo ya kijijini ina mwisho. Watoto wanaocheza mpira wa majani ya migomba hurudi nyumbani giza likiingia. Mchezo wa bao huisha kete zikimwishia mmoja. Hadithi ya bibi kando ya moto huisha, na bibi mwenyewe husinzia. Jua, njaa na usingizi ni walinzi ambao Mungu amewaweka, nao humwambia mtoto: yatosha.

Mchezo wa simu haukutungwa hivyo. Mtoto akishinda daraja moja, hufunguliwa daraja la pili. Akishindwa, huambiwa ajaribu tena. Zawadi mara huja, mara haiji. Naye hajui itakuja lini, na kwa kuwa hajui, huendelea, kama mvuvi asiyeweza kuondoka mtoni kwa sababu samaki mmoja ameigusa ndoana yake. Mazungumzo ya maandishi yako vilevile. Kila simu inapolia, mtoto huona hana budi kujibu upesi, wenzake wasije wakasema amewadharau.

Sababu yake ni biashara. Michezo mingi hutolewa bure, lakini mwenye mchezo hulipwa na wafanyabiashara wanaotangaza bidhaa zao ndani yake, au huwauzia wachezaji vitu vya mchezoni visivyoshikika kwa mkono. Kadiri mtoto anavyokaa sana, ndivyo mwenye mchezo anavyopata faida. Chenye kuuzwa hapo ni wakati wa mtoto.

Waganga wakubwa nao wameliona jambo hili. Mwezi wa Mei 2019 Shirika la Afya Duniani lilipitisha orodha mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, na ndani yake umo ugonjwa wa kushikwa na michezo ya namna hiyo. Dalili zake ni tatu. Ya kwanza, mtu hawezi tena kujizuia: hajui wakati wa kuanza wala wa kuacha. Ya pili, mchezo hutangulia mambo mengine yote: masomo, kazi, chakula, jamaa. Ya tatu, mtu huendelea ingawa aona wazi madhara yake. Tena kwa kawaida hali hiyo sharti idumu muda wa miezi 12 ndipo mganga aiite ugonjwa. Basi mzazi asimwite mtoto wake mgonjwa kwa sababu amecheza mchana wa siku moja. Lakini azitumie dalili hizo tatu kama taa ya kumulikia nyumba yake.

Wala watu wa Hombo wasidhani ya kuwa taabu hii ni yao peke yao, kwa sababu wengine hawakusoma sana. Nchi ya Australia ina shule nyingi na mali nyingi; hata hivyo ilitunga sheria mwezi wa Novemba 2024, ikaanza kutumika tarehe 10 Desemba 2025, ya kuzuia watoto wasiotimiza miaka 16 wasiwe na akaunti katika mitandao mikubwa ya kijamii. Na wenye Facebook wenyewe wameandika katika masharti yao ya kuwa mtoto asiyetimiza miaka 13 asiitumie.

3. Hatari zinazogusa Amri za Mungu

Mtoto anayekesha na simu hutenda kosa gani? Kucheza si dhambi. Lakini mchezo usio na kipimo hufungua milango ya makosa mengine, nayo yatazamwe moja moja.

Amri ya Saba yakataza kuiba. Mchezo na mazungumzo hutaka mega, yaani kipimo cha intaneti kinachonunuliwa kwa fedha, na simu hutaka kuchajiwa. Mtoto hana fedha. Kwanza huomba, akinyimwa, huchukua katika kikapu cha mama franga chache za sabuni au za chumvi, na baadaye fedha za shule. Wengine huanza kubahatisha, wakiweka fedha juu ya mpira unaochezwa Ulaya, na kwa tumaini la kupata kingi hupoteza kile kidogo walichoiba.

Amri ya Sita yaamuru usafi. Katika simu picha za uchafu humfuata mtoto hata asipozitafuta. Tena wako watu wazima wanaojifanya vijana, wakawaandikia watoto maneno matamu, wakawatumia mega, kisha wakawadai picha, au wakawaita mahali pa siri. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto yamhesabu kuwa mtoto kila mtu asiyetimiza miaka 18, nayo huwaadhibu wale wanaowatumia watoto katika mambo hayo. Mzazi anayejua sheria hiyo hatanyamaza kwa aibu.

Amri ya Tano na ya Nane zakataza kuua na kusema uongo. Katika nchi iliyoumizwa na vita, neno moja la uongo laweza kuwakimbiza watu wa kijiji kizima usiku katika mvua, na neno moja la chuki juu ya kabila lingine laweza kumwaga damu. Mtoto hupokea neno hilo katika simu, haulizi limetoka kwa nani, naye hulipeleka kwa wenzake 50 kwa kugusa kioo mara moja. Kidole chake ni kidogo, lakini madhara yake si madogo.

4. Aibu isiyofaa

Hapa ndipo penye kiini cha somo hili. Wazazi wengi huyaona mambo hayo, wakasikitika, lakini hawasemi neno. Ukiwauliza kwa nini, hujibu: «Mimi sijui simu. Mtoto ananizidi. Nitamwonya namna gani katika jambo nisilolijua?» Baba asiyejua kusoma humpa mtoto simu amsomee ujumbe, na pole pole mtoto huwa mwenye kujua, baba akawa mwenye kuuliza. Kisha baba huona kama ukubwa wake umehama.

Fikira hiyo si ya kweli, na Injili yaonyesha hivyo. Mtakatifu Luka asimulia ya kuwa Yezu alipokuwa na umri wa miaka 12 alikwenda Yeruzalemu pamoja na Maria na Yosefu kwa sikukuu ya Pasaka. Walipokuwa wakirudi, walidhani yumo katika msafara pamoja na jamaa. Wakaenda mwendo wa siku nzima kabla ya kugundua kwamba hayumo. Wakamtafuta kwanza kwa ndugu na rafiki, kisha wakarudi Yeruzalemu, na siku ya tatu wakamkuta Hekaluni. Mama yake akamwuliza kwa nini ametenda hivyo. Yezu akajibu, nao hawakulielewa jibu lake. Hata hivyo alishuka pamoja nao mpaka Nazareti, akawatii.

Yezu hakukosa neno, maana alikuwa katika mambo ya Baba yake wa mbinguni, wala mtoto mwenye mchezo wa simu hafananishwi naye. Wanaotazamwa hapa ni wazazi, nao wafundisha mambo matatu.

Kwanza, walidhani mtoto yumo pamoja nao, kumbe hayumo. Ndivyo ilivyo leo: mtoto amelala chumbani, mama husema, «Yupo nyumbani, namshukuru Mungu»; lakini moyo wa mtoto na macho yake viko mbali, kwa watu asiowajua mama.

Pili, walipogundua, hawakungoja arudi mwenyewe. Walirudi njia ile ile, wakatafuta, wakauliza.

Tatu, hawakulielewa jibu lake, lakini hawakuacha kuwa wazazi wake. Ikiwa Yosefu na Maria walibaki wazazi wa yule aliye na hekima yote, je, mzazi wa Hombo aache kuwa mzazi kwa sababu mtoto anajua kugusa kioo? Mamlaka ya mzazi haitoki katika kukijua chombo. Yatoka kwa Mungu aliyempa mtoto huyo. Baba asiyejua kuendesha lori aweza kumwuliza mwanawe anayeliendesha: unakwenda wapi, na nani, utarudi lini?

5. Mfano wa kufundishia

Utwaliwe mfano wa nyumba moja, yenye baba mkulima, mama mwuza mafuta ya mawese sokoni, binti wa miaka 16 na mvulana wa miaka 14. Simu ni ya mama. Kila usiku mvulana huichukua, akajifunika shuka, akacheza mpaka simu izimike. Siku moja mjomba wake alipiga simu toka Bukavu kuwaambia ya kuwa bibi amezidiwa. Simu ilikuwa imezimika, na habari iliwafikia baada ya siku mbili, kwa mdomo wa dereva. Bibi alipona, lakini baba aliwaka hasira.

«Nitaitupa mtoni,» akasema.

«Baba watoto,» mama akajibu, «ukiitupa, kesho atacheza kwa simu ya jirani, wala hatutajua anaandikiana na nani. Tumwite kwanza.»

Mvulana akaitwa. Baba akamwambia, «Mwanangu, mimi sikusoma, wewe umesoma. Kaa hapa kati yetu, utusomee maneno unayoandikiana na watu.»

Mvulana akasoma: salamu za wenzake, habari za mpira, mzaha. Kisha akanyamaza.

«Mbona umenyamaza?»

«Si kitu, Baba.»

«Kama si kitu, soma.»

Akasoma kwa sauti ndogo. Mtu mmoja ajiitaye kijana wa Bukavu alikuwa amemtumia mega mara tatu. Sasa alitaka picha ya dada yake, na kujua siku ambazo mama huenda sokoni. Mwishoni alimwonya asiwaambie wazazi.

Baba akauliza, «Huyu ni mwana wa nani?»

«Sijui, Baba.»

«Nani katika jamaa zetu anayemfahamu?»

«Hakuna.»

«Mwanangu, mgeni akifika kwetu, kabla hajaketi hutaja jina lake, jina la baba yake na mahali atokako. Huyu ameingia nyumbani mwetu usiku, ametoa zawadi, ameuliza habari za dada yako, wala hakumtaja baba yake. Tena amekukataza usiseme kwamba amefika. Mgeni wa namna hiyo huitwaje?»

Mvulana akainamisha kichwa. «Ni mwizi, Baba.»

Mama akamwambia asiyafute maneno yale, maana ni ushuhuda. Asubuhi baba na mwana walikwenda kumwonyesha mwalimu wa shule, naye akawasaidia kumfungia mtu yule asiweze kuandika tena, na kuwaelekeza kwa wakubwa wa mahali. Tangu siku ile simu hulala karibu na mama. Mvulana hucheza saa moja siku ya Jumamosi, na kila asubuhi amepewa kazi ya kumsomea mama bei za mafuta.

Wakatekumeni waangalie: baba huyu hakujifunza simu. Alitumia ile hekima ya kupokea wageni aliyoachiwa na wazee wake, nayo ilitosha.

6. Kanuni nne za nyumbani

Ili mambo haya yasisahauliwe, yafaa kukumbuka maneno manne: mahali, saa, mfuko, rafiki.

Mahali. Simu itumiwe pale penye watu, barazani au jikoni, si chini ya shuka. Usiku ilale kwa mzazi.

Saa. Mzazi na mtoto wakubaliane mapema siku na kipimo cha mchezo, nao wasikivunje kipimo hicho. Kazi ya shule, kazi ya nyumbani na sala zitangulie. Siku ya Bwana simu isimwibie mtu Misa, wala mafundisho ya dini mahali pasipo na Padri.

Mfuko. Mtoto asinunue mega bila ruhusa, wala asipokee mega kwa mtu asiyejulikana nyumbani. Zawadi isiyo na jina ni chambo.

Rafiki. Mzazi ajue jina la kila mtu anayeandikiana na mtoto wake. Asiyejua kusoma amwambie mtoto asome kwa sauti. Neno ambalo mtoto hawezi kulisoma mbele ya mama yake, asiliandike wala asilipeleke kwa wengine.

7. Makosa mawili ya wazazi

Kosa la kwanza ni ulegevu. Katika Kitabu cha Samweli yumo kuhani Eli. Alizijua dhambi za wanawe, akawaambia maneno machache, lakini hakuwazuia. Mungu alimhesabia kosa hilo, na nyumba yake ikaanguka. Wahenga nao walisema: mchelea mwana kulia, hulia mwenyewe. Mtoto akinyang'anywa simu usiku atanuna, anune.

Kosa la pili ni ukali usio na upendo. Mtakatifu Paulo awaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao mpaka wakate tamaa. Baba anayempiga mtoto na kuivunja simu bila kumwuliza neno, humfundisha jambo moja tu: kujificha vizuri zaidi. Na siku mtoto atakapotishwa na mtu mwovu, hatakimbilia kwa baba huyo.

Tena mzazi ajitazame mwenyewe. Baba anayetumia jioni nzima akicheka na simu yake, au akibahatisha fedha za nyumba, atamwonya mwanawe kwa mdomo gani? Mtoto hufuata nyayo kabla ya kufuata maneno.

Wala haifai kumwondolea mtoto mchezo na kumwachia utupu. Apewe mpira, bustani yake mwenyewe, kwaya, utumishi wa altare. Katika nchi hii liko tangu zamani kundi la Xaveri, lililoanzishwa Bukavu katika miaka ya 1950 na Padri Georges Defour, Mpadri Mweupe, ili vijana wafundishwe kwa kucheza, kuimba na kutenda kazi pamoja.

Kanisa limewawekea vijana mfano hata katika mambo haya. Carlo Acutis alizaliwa London tarehe 3 Mei 1991, akakulia Milano, Italia. Alipenda kompyuta na michezo yake kama watoto wengine, lakini alijiwekea kipimo cha saa moja tu kwa juma. Ujuzi wake aliutumia kukusanya na kueneza katika intaneti habari za miujiza ya Ekaristi. Alikufa kwa ugonjwa wa damu tarehe 12 Oktoba 2006, akiwa na miaka 15, na Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Nne alimtangaza kuwa Mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Hakuitupa kompyuta, aliitawala.

Maulizo

Amri ya Nne yamwagiza mtoto peke yake?
Hapana. Yamwagiza mtoto kutii, na mzazi kulea, kuonya na kulinda.

Kucheza katika simu ni dhambi?
Si dhambi kwa asili yake. Huwa kosa kukimfanya mtoto aache wajibu wake, aibe, aseme uongo au atazame uchafu.

Mzazi asiyeijua simu aweza kumwongoza mtoto wake?
Aweza, kwa sababu mamlaka yake yatoka kwa Mungu. Na aulize: unaandikiana na nani, ni mwana wa nani, anataka nini?

Mtoto atishwapo na mtu katika simu afanye nini?
Amwambie baba au mama mara moja, asiyafute maneno wala asiyajibu. Mzazi amshukuru kwa kusema, kisha atafute msaada.

Maria na Yosefu wawafundisha wazazi nini?
Kumtafuta mtoto kabla hajapotea mbali, kumwuliza, na kutoacha kazi yao hata wasipoelewa kila jambo.

Azimio la juma hili

Kila mzazi mkatekumeni achague jioni moja, akae karibu na mtoto wake mwenye kutumia simu, amwambie kwa upole: «Nionyeshe.» Asikilize mpaka mwisho kabla ya kukemea. Kisha baba, mama na watoto wakubaliane juu ya kanuni nne, na wasali pamoja Baba Yetu na Salamu Maria mara moja, kumwomba Mtakatifu Yosefu ailinde nyumba yao na milango yake yote.